Sungura wa Pili

Binti yangu,

Wengi wetu hukosea kudhani kwamba mtoto asiyeuliza hajui. Nimefundisha shule miaka thelathini, na bado nimelikosea hilo nyumbani kwangu.

Hapa hatujambo. Bomba la jikoni limetengenezwa. Mwanao ameng'oka jino la mbele, ana pengo, lakini maneno hayajapungua. Sungura wake alikufa Jumatatu, yeye akiwa shuleni. Nilikimbia sokoni nikanunua mwingine, mweupe vilevile, nikamtia bandani. Mtoto aliporudi alimtazama, akampa majani, akanyamaza. Nikajiona mjanja.

Jana nilimkuta amechuchumaa mbele ya banda.

"Babu, wangu alikuwa anakula kiganjani. Huyu ananiogopa. Ulimzika wapi?"

"Kumbe ulijua! Tangu lini?"

"Siku ileile. Ulikuwa unahema, jasho linakutoka, nikakuonea huruma."

Nikamwonyesha mahali, nyuma ya tangi la maji. Alilia sana, akajifuta kwa shati langu, kisha akauliza, "Na Mama, kweli yuko kazini?"

Ulinikataza nisimwambie habari za upasuaji, na neno lako nimelishika. Lakini kama hakuulizi kwenye simu, mwanangu, usidhani hana wasiwasi. Anakuonea huruma na wewe.

Shangazi yako atakuletea barua hii wodini. Ukimaliza kuisoma, mpigie mwanao leo hiihii, umwambie mwenyewe uko wapi.

Mimi baba yako