Kamba za Nasiba Zimefika Usukani

Majengo, Goma
Tarehe 20 Agosti 2023

Mpendwa Mjomba Musafiri,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hali yako ikoje huko Kindu? Macho yamepata nafuu? Sisi tuko wazima, alhamdulilahi, na Mama ameacha kukohoa.

Ulisikia kwamba mwaka jana pikipiki ilimgonga mdogo wangu Nasiba pale Birere. Goti limepona lakini halikunjiki. Basi Mama akaamua ile mashua ndogo ya tanga aliyotuachia marehemu Papa, ambayo Nasiba ndiye huiendesha, iuzwe, kwa sababu anayetaka kushusha tanga ni lazima aache usukani na kutambaa mpaka kwenye mlingoti. Nasiba hakubishana. Aliomba wiki mbili tu.

Mjomba, ungemwona! Alifunga kapi za chuma, vile vigurudumu vya kupitishia kamba, chini ya mlingoti, akapitisha humo kamba ya kupandisha tanga na nyingine ya kulivuta chini, akazileta zote mpaka pale nyuma anapokaa kushika usukani. Mara ya kwanza kamba zilisuguana na ukingo wa mbao zikakwama. Akafungua kila kitu, akasogeza kapi kiasi cha kiganja, akaanza upya. Kahambu, seremala jirani yetu, alikuja kutazama. Akaniambia, "Miaka makumi mbili natengeneza mashua. Hii sikuiwaza."

Jumanne mimi na Nasiba tulikwenda na mashua kisiwani Idjwi kununua mananasi. Tukirudi, upepo mkali ukatushukia ghafla, mashua ikalala ubavu, maji yakaingia. Mimi nilishika ubao tu.

"Ramla, toa maji. Usisimame," Nasiba akaniambia, kama mutu anayeomba chumvi.

Mkono mmoja ukabaki kwenye usukani. Kwa mwingine akaachia kamba moja, akavuta ya pili, na tanga lote likaanguka. Mashua ikainuka. Hakuondoka mahali pake hata kidogo.

Aliniomba ninyamaze, lakini nilimsimulia Mama yote. Kesho yake Mama akashuka ziwani, akakaa pale nyuma, akataka aonyeshwe kila kamba. Akavuta mwenyewe mpaka tanga likapanda.

"Huyu mutoto amenishinda," akasema. "Mashua ni yake."

Nisalimie Mama Aziza na kaka Aruna. Mungu awalinde na awajalie uzima nyumbani kwenu.

Mpwa wako akupendaye na kukukumbuka,
Ramla