Mstari wa Kijani Chini ya Ngozi

Rongo,
Alhamisi.

Mama yangu mpendwa,

Amani ya Bwana ikukute umesimama imara kama migomba yako baada ya mvua. Je, goti limetulia? Mdogo wangu Makori bado anakificha kitabu akiliona jembe, na jembe akikiona kitabu? Mimi ni mzima kwa kiasi ambacho barua hii itaeleza. Rafiki yangu Lynnet anakuletea mkononi, kwa maana katika simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Makori amenieleza kwamba umeichoma leso ambayo jirani yako Nyakerario alinifunga kiunoni siku nilipoondoka Ndhiwa, na kwamba akina mama wameapa kumfukuza sokoni Jumapili. Eti aliniroga nayo, maana malengelenge haya yaliyonitoka mwilini yalianzia kitovuni, pale pale fundo lilipokaa. Mama, nani alimhukumu? Shahidi yuko wapi? Mimi ninayepaza sauti chuoni nikidai haki, nitanyamazaje haki inapochomwa mlangoni petu?

Lynnet alidai kwamba hotuba zangu zimechemka mno hadi zinatokeza ngozini. Kisha akaacha kucheka, akanipeleka hospitali ya Homa Bay. Daktari Gisiri alikata kipande cha ngozi kama punje ya mtama, akatoa na damu, vikapelekwa Nairobi. Majibu yaliporudi alinionyesha picha ya ngozi hiyo chini ya darubini: giza totoro, na ndani yake mstari wa kijani uking'aa, laini kama ukingo wa ziwa unavyoonekana kutoka mlimani kabla ya jua. Niliutazama hadi nikasahau mwasho. Akaeleza kwamba ule mng'ao ni kingamwili na wasaidizi wao, askari wa mwili wangu mwenyewe, waliojipanga pale ngozi ya juu inaposhikamana na ya chini. Damu nayo ikaitaja protini wanayoishambulia: ile inayoyashona matabaka hayo mawili. Mshono ukiachia, maji hujaa katikati. Hakuna leso hapo, Mama, wala jicho baya, wala ugonjwa wa kuambukiza.

Nikamuuliza kwa ukali wangu wa kawaida, askari hao wamechochewa na nani. Akanijibu polepole kwamba protini hiyo haikai ngozini tu. Iko pia katika kondo la nyuma. Huko ndiko walikokutana na sura ya mgeni, wakaifuata hadi ngozini mwangu.

Nina mimba ya miezi mitano, Mama. Baba yake ni Elvis wa Sindo, naye atakuja na wazee wake. Nilitaka kukuambia uso kwa uso baada ya mitihani, lakini Nyakerario hana muda huo. Dawa zinanituliza, na daktari anamfuatilia mtoto kwa karibu.

Sabato hii ya Jumamosi, kabla ya Jumapili yao ya soko, ni ya meza ya Bwana. Karai la kuoshana miguu litakapowekwa, usitafute mwenzi mwingine. Piga magoti mbele ya Nyakerario, umwoshe, na kila mama wa sokoni aone. Hasira niwekee mimi. Yeye mpe maji. Na goti likikataa kuinuka, mwegemee yeye.

Msalimie Makori.

Ni mimi binti yako, ninayekuota kila alfajiri,
Dolphine