Amplifaya Kuukuu na Spika ya Karibu na Mlango

Jumapili. Hapa Nyansiongo mvua imenyesha tangu saa nane mchana, na ng'ombe wamerudi zizini mapema. Niko mezani na kikombe cha chai. Mwili umechoka, lakini kichwa kimetulia kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Suala la amplifaya limeisha leo. Halikuisha nilivyotarajia.

Niliinunua mtumba mjini Kisii nikiwa kapera, kwa mshahara wangu wa kwanza wa udaktari wa mifugo. Ni nzito kama debe la mahindi. Inaendesha wufa, lile spika kubwa la mdundo, na spika tano: mbili mbele, moja katikati chini ya TV, mbili nyuma ya viti. Gari likipita kwenye filamu unalisikia likitokea mbele yako na kuishilia mgongoni. Moraa, mke wangu, hupenda kusema kwamba bila mtambo huo ningeoa mapema zaidi.

Lakini imezeeka. Tuliponunua TV mpya, amplifaya ilikataa kupitisha picha za siku hizi. Skrini inakuwa nyeusi tu. Ikabidi picha iende moja kwa moja kwenye TV, halafu sauti irudi kwa amplifaya kupitia waya mwingine. Sasa tuna rimoti mbili. Kitufe cha sauti nacho kina wazimu wake: unakizungusha kidogo tu, kinaruka kutoka mnong'ono hadi kelele za harusi. Na inapata moto kiasi kwamba paka ameifanya kitanda.

Mimi nilitaka mpya, tena yenye nafasi ya spika saba. Moraa alitaka nyaya zitoke sebuleni. Yeye ndiye huzikwepa kila akipiga deki.

Ombati, rafiki niliyesoma naye sekondari, sasa ana duka la vifaa vya umeme mjini Kisii. Alitupa njia ya katikati: saundiba, ile spika moja ndefu inayolala chini ya TV. Ijumaa alinipa niijaribu nyumbani wikendi hii. Tukiipenda, tunailipia na yeye anachukua mitambo yote ya zamani. Tusipoipenda, namrudishia.

Jana hatukuigusa, sisi ni Wasabato. Leo asubuhi nikaifunga. Waya mmoja, rimoti moja, basi. Zile spika tano nilizitia kwenye katoni, na Moraa akapangusa kuta huku akiimba.

Sijaandika hapa kuhusu Mama kwa muda. Anaishi nasi tangu presha ya macho ilipommalizia uwezo wa kuona. Tulimtoa kwake Birongo, akaacha migomba yake na majirani zake, akaja kwenye baridi hii bila kulalamika. Kutwa hukaa kwenye kiti kilicho katikati ya sebule, shuka magotini, uso umeinama. Filamu zetu ni za Kiingereza, na yeye anajua Kikisii na Kiswahili kidogo cha sokoni.

Tulidhani anasinzia.

Baada ya chakula cha mchana niliweka filamu. Nitasema ukweli, ile saundiba ina sauti safi. Maneno yalisikika vizuri kuliko zamani. Moraa alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi, nami nikaanza kuwaza nitakavyompigia Ombati kumwambia aje na gari.

Mama akainuka kwenda nje, kama afanyavyo kila siku. Huwa hatumshiki mkono kwa sababu hapendi. Alitembea kwa uhakika, bila kupapasa, akaenda moja kwa moja akaigonga meza ya TV.

Moraa aliidaka TV. Mimi nilimdaka Mama. Goti lake lilikuwa limechubuka na damu inatoka.

"Nani amehamisha mlango?" akauliza.

Nikamwambia mlango uko palepale, Mama.

"Haupo. Kuna sauti inayokaa mlangoni. Mmeipeleka wapi?"

Ilinichukua muda kuelewa. Spika ya mbele ya kushoto ilisimama kando ya mlango wa kutokea nje. Miezi yote hii, Mama alikuwa akiifuata hiyo. Leo sauti yote ilitoka chini ya TV, naye akaifuata huko.

Tulimketisha. Moraa akaleta maji ya uvuguvugu na chumvi, akapiga magoti kumsafisha kidonda, na Mama akaendelea kuzungumza, taratibu, kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Alisema macho yalipomwishia kule Birongo, kila mahali palikuwa giza la namna moja. Lakini hapa kwetu nyumba ina pembe. Filamu ikiwekwa, watu wanapita nyuma yake, mvua inanyesha upande ule, mtu anabisha upande huu, naye anajua amekaa wapi.

"Mbona hukutuambia, Mama?" nikamuuliza.

"Nyinyi mlikuwa mnatazama. Niwakatize kwa nini?"

Nilitoka nikasimama barazani, nikatazama mvua ikipiga michai. Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake karibu kila jioni.

Niliporudi ndani, Moraa alikuwa ameshaifungua katoni. Yeye mwenyewe, aliyezichukia zile nyaya. Aliishika spika ya kushoto kifuani kama mtoto, akaniambia, "Hii ianze. Na usiisogeze hata inchi moja."

Basi uamuzi ni huu. Saundiba inarudi kwa Ombati. Amplifaya inabaki, na nitampelekea fundi akisafishe hicho kitufe. Picha itaendelea kwenda kwa njia yake, na rimoti mbili si mzigo. Siku mtambo huu utakapozima kabisa nitanunua mwingine, mradi uweze kuziendesha spika hizihizi, mahali palepale. Moraa amekwishazibana nyaya ukutani kwa misumari midogo, na kusema kweli sebule inapendeza.

Baada ya chai, Mama aliomba kitu kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu. Akauliza kama kuna kipindi chochote cha wanyama. Nikapata cha ndovu. Moraa akakaa kando yake akimweleza kwa Kikisii: sasa wanateremka mtoni, jike kongwe ndiye ametangulia, kuna kitoto kimeteleza kwenye matope. Kisha kundi lote likapita upande wa kushoto likielekea nyuma ya viti vyetu, wufa ikitetemesha sakafu.

Mama akavuta miguu yake chini ya kiti, hata lile goti linalouma, ili wapate kupita.