Platini za Baba

Bwaise, Kampala
12 Juni 1994

Mpendwa dada yangu Lamwaka,

Pokea salamu nyingi, zangu na za Mama. Hujambo huko Eldoret? Shemeji je, na Acayo mdogo, kile kikohozi kimemwacha? Nakuandikia kwa Kiswahili chetu cha kambi ya polisi ili shemeji naye asome bila kukusumbua. Sisi miili yetu ni mizima. Mengine utayasoma.

Mama hauzi tena dagaa sokoni Kalerwe. Tangu mto uanze kuleta miili kutoka Rwanda, samaki wa ziwa hawana mnunuzi, hata mwaloni Ggaba wanawamwaga. Kila habari hizo zikitajwa, Mama huuliza marehemu walikuwa wamevaa nini. Nikajua kwamba baada ya miaka minane bado anamtafuta Baba.

Sasa kaa chini kwanza. Wiki iliyopita vibarua wanaochimba mfereji huku kwetu walifukua mifupa, vifungo vya sare ya polisi kama ya Baba, na kikopo cha tumbaku. Emile, yule Mzaire fundi wa pikipiki jirani yetu, alikuwepo. Kikopo kilipofunguliwa alikiomba, akaja nacho mbio.

"Oyet, kuya uone! Hii haiko ile kitu mama yako anangojaka?"

Zilikuwa platini, dada, zimeviringishwa kwenye kitambaa cha grisi. Ni zile ncha mbili za pikipiki zinazogusana na kuachana ili plagi itoe cheche. Unakumbuka vita vya '86, askari waliokuwa wakikimbia walivyokuwa wakichukua chochote chenye injini. Kila jioni Baba alizichomoa akazitia mfukoni ili wasiweze kuiwasha yake, na jioni ile alipotoka kwa miguu kututafutia unga alikuwa nazo. Tangu siku hiyo pikipiki yake, ile BSA, imelala chini ya turubai. Emile alimwomba Mama mara nyingi amwekee platini nyingine, lakini alikataa katakata. Mwenyewe atarudi nazo, ndivyo alivyosema siku zote.

Nilimwonyesha Mama vifungo. Akasema polisi waliokufa ni wengi. Nikamwonyesha kikopo. Akasema wavuta tumbaku ni wengi vilevile. Unamjua alivyo mkaidi. Mwishowe akaniamuru nizifunge zile platini kwenye pikipiki. Ikiwaka, atakubali misa ya wafu. Isipowaka, nisimletee tena mifupa ya watu.

Mimi sikuhitaji iwake ili nijue ni za Baba. Platini zile zilikuwa za pikipiki ya aina nyingine, na Baba alilipanua tundu la skrubu kwa tupa hadi zikaenea. Nilipoziweka mahali pake zilikaa bila kulazimishwa. Nilisimama pale nikizitazama.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na kazi hii ni ya watu wawili. Mama alileta kigoda chake, akakaa kando ya injini, akabana kipande cha karatasi ya sigara kati ya zile ncha na kukivuta polepole, kama alivyokuwa akimsaidia Baba. Mimi nikatia spoku ya baiskeli kwenye tundu la plagi ili inionyeshe pistoni ilipo. Ni ileile spoku ya Baba, yenye alama aliyoikwaruza. Alama ikifika mdomoni mwa tundu, platini lazima ziachane na karatasi itoke.

Dada, niliikaza skrubu makusudi ili zisiachane. Nilifikiri, cheche isipotoka hakuna misa, na Mama atabaki na mume wake. Nikazungusha gurudumu. Alama ikafika, ikapita.

"Karatasi nakataa kutoka," alisema Mama. Kisha akanitazama. "Oyet, baba yako hapana funga hivyo. Fungua kidogo."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilitamani ardhi inimeze. Nikailegeza skrubu, nikazungusha tena, na alama ilipofika karatasi ikaja yenyewe vidoleni mwake. Aliifumba mkononi.

Nilipiga kiki. Kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikawaka, moshi ukajaa uani, na Emile akavua kofia. Nilikuwa nimemwomba Mungu isiwake. Mama hakuinuka kwenye kigoda. Nilikuwa nimetia petroli kidogo tu, na ilipokwisha injini ikanyamaza. Hapo ndipo alipolia, dada, na mpaka leo sauti ile haijanitoka masikioni.

Njia ya kwenda kwetu Gulu bado si salama, kwa hiyo kwa sasa tutamzika hapa. Misa ni Jumamosi, tarehe 25. Njoo. Mama amekataa kushikwa mkono na mtu mwingine kaburini ila wewe.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako Awiti, na umbusu Acayo. Emile naye anawapa pole. Mungu awafikishe salama, na atupe sote nguvu ya siku hiyo.

Ndugu yako anayekupenda na kukungoja,
Oyet

N.B. Humu kwenye bahasha utakuta ile karatasi ya sigara, ina grisi ya vidole vya Mama. Anataka izikwe na Baba. Nilimuuliza kwa nini basi tuipeleke Kenya. Akasema, "Lamwaka akikaa nayo, atakuja."