Mama Aliyeingia Uwanjani

Mjukuu wangu Amosi,

Huku Titye tu wazima, bibi yako anavuna maharage. Unauliza ujiangushe kwenye boksi kama kocha anavyotaka? Mimi nasema usijiangushe.

Nikiwa karani kijana, timu yetu ya Kasulu ilicheza na Kibondo. Tukiwa sare, mshambuliaji wetu Yohana alijirusha bila kuguswa, akashika goti akipiga kelele apewe penalti. Refa hakudanganyika. Aliyeamini ni mama yake, aliyeingia uwanjani mbio, akilia.

"Mama, nyamaza, ni mchezo tu!"

"Mchezo? Nami nimeona mwanangu anakufa!"

Yohana aliinuka akamfuta machozi. Hakujiangusha tena.

Mwezi ujao tunakuja kukutazama. Bibi yako anasema atakaa mbele kabisa.

Babu yako