Macho ya Kwetu

Ihanja, Jumapili

Dada Anastasia,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Alizeti tumevuna, kifua cha mama kimepungua, na yule tetea mwekundu niliyemnenepesha kwa ajili ya supu yako ya uzazi bado yupo. Uliponiambia nisije kukuhudumia kwa sababu nyumba ni ndogo, nilikubali, ingawa kwetu kazi hiyo ni ya mdogo mtu.

Juzi gulioni Ikungi nilikutana na wifi yako Faith. Hakunijua, maana siku ya harusi yako ulinipanga jikoni tangu asubuhi mpaka wageni wanaondoka. Nilipojitambulisha alinitazama machoni, akasema, "Kumbe." Ndipo akaniambia kwamba mtoto wako ana makengeza. Mama mkwe wako aliuliza yametoka wapi, nawe ukajibu, "Kwetu hayapo."

Dada, wewe ndiye uliyenieleza neno hilo. Nilirudi kutoka shuleni nikilia, wameniita kengeza, ukanifuta machozi kwa kanga yako ukasema makengeza ni macho ya mtu asiyetaka kumwacha yeyote pembeni. Nimeliamini hilo miaka ishirini. Nimewaambia hata watu wazima.

Jumamosi nakuja na tetea wangu, kwa basi la asubuhi. Supu atapika Faith. Safari hii mimi siendi jikoni. Nitakaa sebuleni, utanipa mtoto nimpakate, na mama mkwe wako atajijibu mwenyewe.

Wa kwenu,
Evodia