Mama Bado Yupo Mlangoni

4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Mwanao Meneja ametoka kuibusu simu sasa hivi, mate yote kwenye kioo, nimefuta kwa upindo wa gauni ndiyo naandika. Nilikuwa nimefungua tovuti ya duka, pale penye picha ya Mama amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Meneja akagonga kioo kwa kidole: "Bibi, fungua! Bibi, fungua!" Bibi hafungui. Akanigeukia kwa hasira, kana kwamba ufunguo nimeuficha mimi. Jina la Meneja halikumpata bure, humu ndani hakuna asiyefokewa.

Basi salamu zimekuja nyuma ya mtoto, nisamehe. Hujambo wifi? Wazee unaowauguza huko wanakupa nafasi ya kupumua? Mgongo je? Sisi wazima, mume wangu, huyu mdogo wako, anakohoa kidogo tu, ni harufu ya gundi ya viatu. Chumba hiki cha nyuma ya duka la mikate kina dirisha moja, na hilo moja linaleta moshi wa tanuri. Lakini asubuhi tunanukia mikate, siyo haba.

Wifi, nina ombi. Ile tovuti uliyomtengenezea Mama ni wewe peke yako unayeweza kuibadilisha. Bado inaonyesha duka la zamani, na sisi tulihama mara tu baada ya msiba wa Mama, mwenye nyumba alipotaka chumba chake. Namba iliyopo ni ya simu ya Mama, na simu ya Mama imo kabatini, na kabati tumelifunga kama ulivyotuomba, mpaka urudi tulifungue pamoja. Siku za mwanzo ilikuwa inalia humo ndani. Ikilia, mdogo wako anatoka nje. Halafu chaji ikaisha.

Naomba uweke mahali tulipo sasa na namba ya mdogo wako. Hayo tu. Wateja wamepungua, wifi. Viatu vya mguu usiolingana na mwenzake huwezi kuvinunua sokoni, watu wanatutafuta. Ila wanatutafuta tusipokuwepo.

Meneja anakusalimu, anasema umletee baiskeli.

Wifi yako,
Mama Meneja


9 Februari

Wifi mama wa Meneja,

Salamu nyingi. Mgongo wangu upo, unaniuma ili nisiusahau. Habari ya "Bibi, fungua" nimeisoma nikicheka mpaka ajuza ninayemlisha akaacha mdomo wazi akingojea kijiko. Mwambie Meneja baiskeli inakuja akijifunza kuomba bila kufoka.

Kuhusu tovuti, usijichoshe. Nitaishughulikia nikipata likizo. Watu wa Mama wanawajua, na mwenye kuzoea njia hapotei. Mdogo wangu ashone tu vizuri, kizuri chajiuza.

Na kabati, wifi, tafadhali. Mliniahidi. Sikuwahi kufika kumzika, basi hilo moja niachieni.

Mfunike mtoto kifua, huko najua ni msimu wa mafua.

Shangazi wa Meneja


2 Machi

Wifi yangu,

Umeamkaje? Umekula? Siku hizi nakuuliza umekula kwa sababu mdogo wako anasema ukiwa na mawazo hugusi sahani. Sisi hatujambo, Meneja ameota jino la nyuma na ametung'ata wote kulijaribu.

Juzi nilipita pale dukani petu pa zamani. Siku hizi pana muuza vipodozi, yule mwenye nyusi za kuchora. Kaniona, kaniita.

"Mama Meneja, kulikuja watu wenu hapa."

"Watu gani?"

"Mama na binti yake. Wametoka mbali, wamepanda basi alfajiri. Ananiuliza duka la viatu. Nikamwambia, pole dada, mama wa viatu alishafariki. Akanitolea macho. 'Mbona jana nimemwona kwenye simu?'"

"Ukamwelekeza kwetu?"

"Nimwelekeze wapi, shoga? Mmewahi kuniambia mmehamia wapi?"

Akaniambia yule binti mguu mmoja ni mfupi, na chini ya kiatu mama yake alikuwa amembandikia vipande vya ndala, kimoja juu ya kingine, akavifunga kwa kamba. Walikaa kwenye ngazi. Mama akakaza kamba upya, wakaondoka kurudi walikotoka. Hakuacha namba, hakuacha jina.

Wifi, mwenye kuzoea njia hapotei, ni kweli. Ila yule hajazoea. Yule anatuona kwa mara ya kwanza humo kwenye simu.

Nilipomsimulia mdogo wako, aliweka chini kisu cha ngozi, akanawa mikono, na siku ile hakushona tena. Kesho yake ndipo akaniambia kwamba kile kiwanda cha ndala kinamtaka akasimamie mashine. Wamempa mpaka katikati ya Aprili ajibu. Anasema, "Kazi ipo mikononi, watu hawapo. Nashonea nani?" Nikamwambia subiri. Akaniuliza, "Nisubiri nini?" Ndiyo nakuandikia wewe, maana hilo swali ni lako.

Mimi sikusoma sana, unajua. Lakini nilikaa na Mama benchi moja tangu nilipoolewa, na kuna jambo nililiona. Mtoto akirudi kwa kiatu kipya, Mama anatoa ule mchoro wa unyayo wake wa mwanzo, anamwonyesha, "Tazama ulivyokuwa mdogo!" wanacheka, halafu anauchana hapo hapo mbele yake. Ndipo anatandika karatasi mpya na kumwambia kanyaga. Siku moja nikamwambia, Mama, si tuitunze michoro hii, imechorwa vizuri hivi? Akasema, "Nikiiweka, iko siku mkono utaivuta wenyewe. Nitamshonea mtoto mguu wa mwaka jana, naye atavaa hivyo hivyo aumie kimya, asinivunje moyo."

Hakuuchukia ule mguu mdogo, wifi. Aliupenda, akauchana.

Na sisi tunawavalisha watu mguu wa mwaka jana. Nimesema. Kama nimekosa adabu nigombeze, nitapokea, lakini nigombeze baada ya kubadilisha.

Wifi yako anayekupenda,
Mama Meneja


21 Machi

Wifi,

Hujambo lakini? Nijibu hilo tu. Naona alama kwamba barua umeisoma, na kimya ni kimya. Mdogo wako anasema nimekuchokoza, eti ulimi wangu ungefaa kukatia soli.

Nilibandika karatasi mlangoni kwa muuza vipodozi, nimeandika tulipo na mshale mkubwa. Upepo umeondoka nayo. Ameniambia nilete nyingine, ila nisizibe picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu.

Yale mengine yote yaache. Niambie afya yako.

Wifi yako


1 Aprili

Wifi,

Mimi mzima wa mwili. Nisamehe kimya. Nilikuwa nakuandikia kila siku kichwani, na kila siku barua inakuwa ya matusi, kwa hiyo nikaona bora ninyamaze mpaka matusi yaishe. Yameisha. Hayakuwa yako hata hivyo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mdogo wangu hajui. Kila asubuhi, kabla sijavaa sare, nafungua ile tovuti. Nakunywa chai nikiitazama. Mama yupo mlangoni, ufunguo mkononi, anafungua duka, na mimi naenda kazini. Ndivyo tunavyoanza siku, yeye kwake na mimi kwangu. Huku hakuna aliyemjua, wifi. Hakuna wa kuniambia amekufa, na hakuna wa kuniambia alikuwepo. Nilipokuomba msifungue kabati, na nilipokuambia nasubiri likizo, ni kitu kimoja. Likizo nilishaipata Februari. Nililala.

Barua yako ya yule binti niliisoma nikaikasirikia. Halafu juzi nilikuwa namvalisha viatu yule ajuza wangu. Miguu imemvimba, viatu ni vile vile alivyoletewa na wanawe walipomwacha hapa. Nasukuma, nakaza, naye ananitabasamia. Nikamuuliza, vinakubana? Akasema, "Hapana mwanangu, ni vizuri." Nikavivua, nikaona vidole. Wifi, nilikaa sakafuni.

Usiku huo huo nikafungua tovuti ili nifute. Kidole kikagoma. Kinafika, kinarudi. Basi fanya wewe. Nenosiri nakutumia kwa ujumbe wa peke yake, likariri halafu ufute, Meneja asije akaajiri watu. Utaona palipoandikwa "hariri", ukibonyeza hapo unaandika unavyotaka. Huwezi kuharibu kitu ambacho hakitengenezeki, kwa hiyo usiogope.

Na kabati fungueni. Simu ya Mama iwekeni chaji, atakayepiga aambiwe ukweli kwa upole. Nguo mpe anayezihitaji, ila kizibao chake cha kazi, chenye madoa ya gundi, kaa nacho wewe.

Picha ya mlangoni iondoe. Mlango ule si wetu.

Shangazi wa Meneja


11 Aprili

Wifi yangu kipenzi,

Habari za tangu juzi? Ajuza wako amepata viatu? Mchore nyayo zake zote mbili, jioni, miguu ikiwa imevimba, na kalamu uisimamishe wima isiingie chini ya unyayo. Tuma picha ya karatasi pamoja na rula, mdogo wako amesema atamshonea.

Kabati tulifungua Jumapili. Mdogo wako alizungusha ufunguo, mimi nikatoa vitu. Alilia, nami nikamwacha alie. Halafu Meneja akaingia humo ndani ya kabati akajifungia, ikabidi tucheke.

Sasa tovuti. Nilikaa nayo siku nzima. Mara ya kwanza nilibonyeza kitu, kila kitu kikaruka upande wa kushoto kama watu waliosikia kuna ugomvi. Nikakumbuka maneno yako, nikatulia, kikarudi. Nikaandika. Mdogo wako alipokuja kusoma akashika kiuno.

"Mke wangu, hii ni tovuti ama barua?"

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Watu wanatafuta viatu, wewe unawauliza wameamkaje!"

Mimi nijuacho kuandika ni barua, wifi. Nimeandika hivi: "Hamjambo wapendwa? Poleni na safari. Mama aliyeanzisha kazi hii ametutangulia. Sisi wanawe tupo, tunashona. Duka tumelihamishia nyuma ya duka la mikate, fuata harufu, ukipotea piga namba hii tutakuja kukuchukua." Mdogo wako akataka kufuta salamu. Alipofika pa Mama akarudisha simu mezani, akasema, "Iache ilivyo."

Picha sikuiondoa yote. Nimeukata mlango, Mama nimembakisha. Ufunguo nao umeondoka na mlango, sasa anaonekana kama amekunyooshea mkono. Itazame asubuhi, uniambie kama nimekosea, naweza kurudisha, sasa najua.

Ila nisikufiche. Tangu niibadilishe ni siku kadhaa, na hajaja mtu. Jumatatu mdogo wako anatakiwa kiwandani na jibu lake. Ameshapiga pasi shati. Nimelitundika tu nyuma ya mlango, lakini kila nikipita naliona. Simu ya Mama imelia mara moja, alikuwa mtu aliyekosea namba, tukamkaribisha hivyo hivyo. Najiambia mguu uliopotea njia haurudi kwa siku moja, na kwamba pengine yule mama wa binti mahali fulani anafungua tena

Subiri wifi, kuna hodi nje. Mdogo wako ameenda. Nasikia kiti kikivutwa. Nasikia, "Kaa, kaa hapa, vua taratibu, usione haya." Sasa ananiita, "Mama Meneja! Lete karatasi! Lete ile kubwa, na kalamu!" Wifi, sauti hiyo sijaisikia tangu